Kata, Kaza, Zima: Pikipiki ya Dizeli ya Wamaza

Pikipiki ya dizeli ni kitu adimu. Kampuni ya Royal Enfield iliwahi kuuza moja kule India, iliyoitwa Taurus: injini ya sentimita za ujazo 325, nguvu za farasi 6.5, mwendo wa kobe, lakini matumizi madogo ya mafuta. Wanajeshi wa Marine wa Marekani walitengenezewa nyingine, M1030M1, kutokana na Kawasaki KLR650, ili jeshi zima litumie mafuta ya aina moja, kuanzia pikipiki hadi lori. Nyingi za zilizobaki zimeundwa na watu binafsi, moja moja, nyuma ya nyumba zao. Ninayotaka kuisimulia ni ya kundi hili la mwisho. Iliundwa Wamaza, kusini mwa Maniema, na katika kiangazi kizima cha majaribio yake mimi nilikuwa mshika daftari.

Msomaji wa jarida hili ana haki ya kuuliza pikipiki inatafuta nini katika kitivo cha lugha. Jibu langu ni kwamba chuma tulikipata, na mikono ya kukichonga ilikuwepo. Kilichotusumbua mpaka mwisho ni maneno: maneno ya kuelezana mashine inaumwa wapi, na maneno ya kuamrishana wakati mashine inakimbia. Nimejifunza mengi kuhusu istilahi darasani, na sikatai. Lakini sijaona mahali pengine ambapo neno lilipimwa kwa ukali kama pale barabarani.

Kwa asiyepajua, Wamaza iko mashariki ya Kasongo, katika njia ya kuelekea Kabambare. Huku kwetu mpunga ni uhai. Unalimwa, unakobolewa, na lazima ufike sokoni Kasongo kabla mvua hazijageuza barabara ya udongo mwekundu kuwa uji. Malori ni machache, na likikwama moja yaliyo nyuma yake nayo hukaa. Mizigo mingi basi hupita kwa baiskeli zinazosukumwa kwa mkono na kwa pikipiki ndogo za petroli. Petroli, ambayo sisi tunaiita esansi, huuzwa chupani kando ya njia, na kadiri unavyosogea mbali na mto na mji ndivyo chupa inavyopanda bei. Dizeli, yaani mazutu, ipo zaidi, kwa sababu mashine za kukoboa mpunga na malori huitumia.

Mjomba wangu alikuwa na jenereta, au gurupu kama tunavyosema, ambayo upande wake wa umeme uliungua. Injini ilibaki nzima: ya dizeli, silinda moja, inayopozwa kwa hewa, kipenyo cha silinda milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 70, jumla sentimita za ujazo 406. Ilikuwa na nguvu za farasi kati ya nane na tisa. Alikuwa pia na pikipiki ya 125 ambayo kichwa cha injini kilipasuka. Vitu viwili vibovu, na kila kimoja kina uzima ambao mwenzake hana. Mjomba aliuza mpunga wa misimu miwili ili anunue cheni, beringi na vyuma, akamwita fundi, akamwambia mwanawe, binamu yangu, kwamba yeye ndiye atakayeipanda. Kwa hiyo kulikuwa na mambo mawili hatarini: mtaji wa nyumba nzima, na mifupa ya kijana wa miaka 19.

Fundi alifanya jambo la busara. Kwenye ile 125 aliondoa kichwa, silinda na pistoni, akakata mkono wa pistoni, akaacha shafti, klachi na gia ndani ya kasha lake. Injini iliyokufa ikageuka kuwa sanduku la gia. Injini ya dizeli ikafungwa juu yake kwenye fremu iliyoongezwa vyuma, na cheni fupi ikatoka kwenye shafti ya dizeli kwenda kwenye shafti ya ile maiti. Tangi lilikuwa dumu. Kuwasha ni kwa kamba: unavuta taratibu mpaka uhisi mgandamizo, unabonyeza kiwiko cha kulegeza valvu, kisha unavuta kwa nguvu zako zote.

Siku ilipowaka mara ya kwanza watoto wa jirani walipiga kelele, "Moto imewaka!" Nilicheka peke yangu. Kwetu pikipiki ni moto, kutokana na Kifaransa, nayo huchukua upatanisho wa i-: moto imewaka. Ule mwingine, wa kupikia, ni moto umewaka. Irabu moja tu inamwambia mpita njia kama aje kutazama au akimbilie maji. Nililiandika hilo ukurasa wa kwanza wa daftari, bila kujua kwamba wiki tatu baadaye tungeona hatari ya kutofautisha maneno mawili kwa sauti moja tu.

Kabla ya kwenda huko, nieleze tulikuwa tunapima nini. Injini ya dizeli haina plagi. Hewa inabanwa peke yake ndani ya silinda, katika injini hii kwa uwiano wa karibu 19 kwa 1, mpaka inakuwa na joto la kutosha kuwasha mafuta yanayopulizwa ndani yake na nozeli. Kwa hiyo kila kitu kinategemea wakati wa kupuliza. Mafuta yakiingia mapema mno, mlipuko unampokea pistoni akiwa bado anapanda, na unasikia pigo la nyundo. Yakichelewa, nguvu inapotea na moshi mweupe unatoka. Kwenye injini hizi ndogo wakati huo unarekebishwa kwa visahani vyembamba vinavyowekwa chini ya pampu: ukiongeza kisahani mafuta yanachelewa, ukipunguza yanawahi. Unene wa karatasi unatosha kubadilisha tabia ya mashine.

Jambo la pili ni gavana, ambayo fundi aliiita regulateri. Jenereta inatakiwa kuzunguka kwa kasi moja, mara 3,000 kwa dakika, mtu awashe taa moja au kumi. Gavana ndiyo inayohisi injini inapolemewa na kuiongezea mafuta yenyewe. Ukiiweka injini hiyo kwenye pikipiki, mkono wako hauamui kiasi cha mafuta kama kwenye pikipiki ya kawaida. Mkono unavuta springi, springi inaiambia gavana kasi unayoitaka, kisha gavana inaamua mafuta kiasi gani. Dereva anaomba, gavana inatoa. Binamu alihitaji siku kadhaa kuzoea hilo: kwenye mlima mashine iliongeza nguvu yenyewe bila yeye kugeuza mkono, na alidhani inamtoroka.

Jambo la tatu ni meno ya cheni. Injini ya 125 imezoea kuzunguka mara 7,000 na zaidi kwa dakika. Hii ya dizeli mwisho wake ni 3,600. Tulianza na meno 15 kwa 15 kwa sababu ndiyo yaliyopatikana. Mashine ilitoka kwa nguvu za kutisha, kisha klachi ikaanza kuteleza na kunuka, maana ilitengenezwa kwa msukumo ulio nusu ya ule. Fundi alichukua bamba la chuma, akagawa duara kwa bikari na penseli, akachonga kwa tupa gurudumu la meno 24. Kazi hiyo ilimla siku mbili na tupa tatu. Kwa meno 24 kwa 15 shafti ya chini ilizunguka mara 1.6 ya injini, msukumo ukapungua kwa kiwango hicho hicho, na klachi ikatulia. Mwendo wa juu kabisa ulikaribia kilomita 60 kwa saa, na kwa barabara yetu hata nusu yake ni ujasiri.

Majaribio yalikuwa na utaratibu. Breki kwanza, kabla ya kitu chochote, tena injini ikiwa imezimwa, kwa kuisukuma pikipiki kwenye mteremko. Kisha bila mzigo kwenye tambarare. Kisha gunia moja la kilo 50, kisha mawili, kisha mlima. Kila safari tulibadilisha kitu kimoja tu, na kila safari niliandika: kisahani cha unene gani, meno mangapi, mzigo kiasi gani, moshi rangi gani, sauti gani. Mafuta tuliyapima kwa chupa ya nusu lita iliyofungwa kwenye usukani, ikiwa na mpira wa kuingia kwenye pampu. Chupa ikiisha, tunasoma kilomita kwenye mita ya gurudumu la mbele. Pikipiki ya jirani ya petroli, yenye mzigo kama wetu, ilikwenda kilomita 17 kwa nusu lita. Yetu, siku ilipokaa sawa, ilikwenda 27. Mjomba hakusema neno. Aliomba daftari, akaitazama ile namba kwa muda mrefu, akalirudisha.

Shida ilikuwa safu ya mwisho ya daftari, ile ya sauti. Siku za kwanza niliandika "inapiga kelele mbaya" mara sita, na mara zote sita fundi alinirudishia daftari. "Mama, kelele mbaya ni ugonjwa gani huo?" aliniuliza. Ananizidi umri, lakini kwetu mwanamume mwenye adabu humwita hata msichana mama. "Ukimwambia daktari naumwa vibaya, atakupa dawa gani?"

Akanikalisha kando ya injini akaanza kuiharibu makusudi, kidogo kidogo, ili nisikie. Alipunguza kisahani kimoja: tak, tak, tak, kavu, kama nyundo kwenye fuawe. "Hii iko inagonga." Alilegeza nati ya bomba la mafuta ili hewa iingie: mapigo yakakatika, yakarudi, yakakatika. "Hii iko inakohoa. Haiko inagonga." Kisha akampandisha binamu na magunia mawili, akamwambia apande mlima kwa gia ya nne. Sauti ikashuka, ikawa nzito na ya chini, kila pigo likitengana na mwenzake, na fremu nzima ikatikisika. "Sasa iko inaguna. Mtu akibeba mzigo unaomshinda anafanya nini? Anaguna."

Kugonga, kukohoa, kuguna. Katika kamusi haya ni maneno ya kawaida. Lakini kwa fundi kila moja lilikuwa na mpaka wake, na kila moja liliupeleka mkono mahali pake. Inagonga: nenda chini ya pampu, ongeza kisahani. Inakohoa: fuata njia ya mafuta kutoka dumu mpaka nozeli. Inaguna: mashine haina kosa, shusha gia. Moshi nao ulikuwa na lugha yake. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na kwa vumbi la kiangazi uliangalia kwanza chujio la hewa kabla hujagusa pampu. Mweupe ni mafuta yasiyoungua: kama ni asubuhi tu, mashine ina baridi, iache, kama ni mchana kutwa, wakati umechelewa. Wa buluu ni oili, na huo ndio fundi aliomba Mungu asiuone, kwa sababu ringi za pistoni zingetakiwa zitoke mbali.

Hapo nilianza kuelewa kitu kuhusu istilahi tunazozisoma. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lilianzishwa mwaka 1967, na tangu wakati huo watu wamefanya kazi kubwa ya kuunda na kusanifisha maneno. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 bado ipo kwenye meza zetu. Kamusi ya namna hiyo hupanga neno la Kiswahili mbele ya neno la Kiingereza, na kwa mwanafunzi anayetoka kwenye kitabu cha Kiingereza huo ni msaada wa kweli. Fundi hakuwa na neno la Kiingereza la kuanzia. Alikuwa na sauti upande mmoja na spana upande wa pili, na neno lilikaa katikati. Neno lisilofika kwenye spana alilikataa, hata kama lilikuwa zuri.

Wala hakujali neno lilikotoka. Kiswahili cha Maniema kilikuja kwa miguu, na misafara ya watu wa pwani na Waungwana wao. Kasongo ilikuwa ngome ya Tippu Tip na wenzake mpaka majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Dhanis, yalipoiteka mwaka 1893. Baadaye vyuma vikaja na Kifaransa chake, na reli ya Kindu hadi Kongolo ikafunguliwa mwaka 1911. Ndiyo maana katika sentensi moja ya fundi unakuta "tupa" na "nyundo" zikikaa pamoja na "moteri", "ambrayaji" na "vitesi". Mimi nilizoea klachi na gia kutoka masomoni. Kwa siku chache niliandika maneno yangu na yeye akatumia yake, na hakuna kilichoharibika, kwa kuwa sote tulikuwa tunaonyesha kitu kile kile kwa kidole. Neno la kitu unachokiona halikutupa shida hata siku moja. Shida zote zilitoka kwenye maneno ya vitu visivyoshikika: sauti, dalili, na amri.

Amri ndizo zilizotutisha. Siku ya mlima wa magunia mawili fundi alisimama katikati ya mteremko, binamu akaanzia chini. Walikuwa na amri mbili za tangu zamani, ambazo mafundi wengi huku wanazitumia: "kaza", yaani fungua mafuta, endelea; na "kata", yaani kata mafuta, zima. Binamu alikuwa amevaa kofia ngumu. Injini ilikuwa karibu na magoti yake, bila bomba la kupunguza sauti la maana. Alipofika usawa wa fundi, tope kavu liliingia kwenye kiungo cha gavana na kukikamata upande wa mafuta mengi. Mimi kutoka chini niliona moshi mweusi ukikolea ghafla. Fundi aliona zaidi: kiungo hakirudi. Akapaza sauti, "Kata! Kata!"

Binamu alisikia "Kaza". Alidhani anatiwa moyo amalize mlima, akafungua mkono mpaka mwisho.

Cheni fupi iliruka. Injini, ambayo sasa haikuwa na mzigo wowote na gavana yake imekamatwa, ikaanza kupanda. Anayejua dizeli anajua hofu ya sauti hiyo. Hakuna plagi ya kuchomoa. Maadamu mafuta yanaingia na hewa inaingia, mashine itaongeza kasi mpaka ijivunje, na vipande havichagui pa kwenda. Mapigo yaliacha kuhesabika, yakawa mlio mmoja mrefu. Binamu aliruka akaiachia. Fundi alikimbia, akachomoa kile kibao cha mti alichokuwa akikibeba kiunoni tangu siku ya kwanza, kibao ambacho vijana walikuwa wanakitania, akakibandika kwenye mdomo wa hewa na kukishikilia. Injini ilijikunja, ikatoa mlio kama wa mtu aliyepaliwa, ikanyamaza. Kasha la cheni lilikunjika. Binamu alichubuka kiwiko. Basi.

Kesho yake fundi alishughulikia chuma. Aliweka springi ya pili ya kurudisha kiungo cha gavana, akakifunika kwa kipande cha bomba la mpira ili tope lisiingie, na kiwiko cha kuzima akakihamishia kwenye usukani, karibu na kidole gumba cha kushoto. Mimi niliomba nishughulikie maneno.

Tazama hayo maneno mawili. Kata, kaza. Silabi mbili kila moja, irabu zile zile, mkazo mahali pale pale. Tofauti yote imekaa kwenye konsonanti moja ya katikati, t au z. Katika somo la fonolojia tungesema ni jozi pambanuzi, na tungefurahi. Lakini kelele ya injini humeza konsonanti kabla haijameza irabu. Kinachomfikia mtu mwenye kofia ni a-a, na hiyo a-a inaweza kuwa amri yoyote kati ya mbili zilizo kinyume kabisa. Lugha ilikuwa imeweka uhai wa kijana juu ya sauti moja, mahali ambapo sauti hiyo haisikiki.

Tuliijaribu kama tulivyojaribu meno ya cheni. Injini ikawashwa ikiwa imesimama, kwa mizunguko ya karibu 3,000. Binamu alikaa juu yake na kofia, akitupa mgongo. Fundi alisimama hatua 20 akapaza amri kumi kwa mpangilio nilioupanga mimi. Binamu anyanyue mkono wa kulia kwa "kaza" na wa kushoto kwa "kata". Kati ya kumi alipata tano. Angeweza kuziba masikio na kurusha shilingi, matokeo yangekuwa yale yale.

Fundi hakufurahi. "Kata" lilikuwa neno la bwana wake aliyemfundisha kazi. Nilipendekeza "zima" badala yake, kwa sababu ya ile i ya kwanza, na "ongeza" badala ya "kaza", ili amri moja iwe na silabi mbili na nyingine tatu, na zianze kwa irabu tofauti. Binamu akauliza kwa nini tusitumie "ziba", kwa kuwa kibao ndicho kilichotuokoa. Tukalijaribu pamoja na "zima" na likaanguka papo hapo, kwa sababu ile ile. Kwa "ongeza" na "zima" alipata kumi kwa kumi. Tukarudia, kumi tena. Fundi akazima injini, akajifuta mikono. "Neno likishindwa na moteri," alisema, "tulitupe, hata kama ni la bwana wangu." Tangu siku hiyo hajasema "kata" karibu na mashine inayozunguka.

Wiki ya mwisho ilikuwa ya kunyoosha. Visahani vilikaa pale ambapo injini iligonga kwa mbali tu ilipokuwa ya baridi, na kugonga kukaisha ikipata moto. Nafasi ya valvu tuliiweka milimita 0.15 ikiwa baridi. Vipande vya tairi la lori viliwekwa chini ya injini ili mtikisiko usilegeze nati, lakini binamu aliendelea kuzipitia zote kila jioni, kwa sababu silinda moja ya dizeli haimwachi mtu akalala. Si mashine ya kustarehesha. Inanuka, inatikisa, na mtu anayeishi kando ya njia anaisikia kabla hajaiona. Kule India Taurus iliondoka sokoni wakati sheria za moshi zilipokazwa, na kama sheria hizo zingefika kwetu sidhani yetu ingepona. Lakini kabla ya mvua ilifikisha magunia 38 Kasongo, na Mjomba akaacha kuhesabu alichouza.

Niliporudi masomoni nilinakili daftari mara mbili: moja la binamu, moja langu. Fundi alikuwa amepata kazi Kasongo, kwa hiyo nyumbani hakubaki mtu wa kuisikiliza mashine isipokuwa kijana mwenyewe na karatasi zetu.

Mwezi wa pili wa mvua alinipigia simu usiku. Alikuwa amempakia shangazi anayepelekwa hospitali Kasongo, mashine ikakataa njiani, na yeye akapanda kilima kutafuta rezo, yaani mtandao. Sikuweza kuiona mashine wala kuisikia. Nilikuwa na nakala yangu mezani na sauti yake inayokatika.

"Yaya, mashine inaumwa."

"Inagonga?"

"Hapana."

"Inakohoa?"

Akanyamaza. "Hapana. Kukohoa nakujua. Hii inasinzia. Inakwenda vizuri, kisha inalegea kabisa kama mtu anayelala kanisani, kisha inashtuka na kwenda tena. Sasa imelala moja kwa moja."

"Moshi?"

"Mweupe, kabla ya kulala."

Neno hilo halikuwa kwenye daftari. Lakini mpaka wake ulikuwa wazi. Kama ni hewa kwenye bomba, mapigo yangekatika moja moja, na hilo yeye analiita kukohoa. Hili lilikuwa refu zaidi: mafuta yanakoma kwa muda, kitu kingine kinapita mahali pake, kisha mafuta yanarudi. Nikamuuliza mazutu aliyanunua wapi. Kwenye pipa lililokuwa nje, mvua ikinyesha. Nikamwambia atoe mafuta ya chini ya dumu ayatie kwenye chupa nyeupe, ayaache yatulie, kisha amulike kwa tochi.

Alipiga tena baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Chini ya chupa kulikuwa na maji, vidole viwili, mazutu yakielea juu yake. Akamwaga maji, akatoa hewa kwenye bomba kwa kulegeza nati kama fundi alivyotuonyesha, akavuta kamba mara nne. Shangazi alifika Kasongo alfajiri.

Nilipokwenda nyumbani likizo iliyofuata nilifungua daftari lake. Ukurasa wa sauti ulikuwa na madoa ya oili mpaka hausomeki vizuri, na chini ya kugonga, kukohoa na kuguna alikuwa ameongeza mstari kwa mwandiko wake: "Kusinzia. Maji ndani ya mazutu. Mwaga ya chini." Pembeni, kwa kalamu nyingine, fundi alikuwa amepita siku moja na kuweka alama ya vyema.